Aliyesimama Gizani

Maiti ililala kifudifudi juu ya saruji, mkono mmoja umebanwa chini ya tumbo, kama mtu aliyejigeuza usingizini. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kando yake lilikuwa komeo la mlango, gogo fupi la mninga, lenye damu na nywele chache zilizonata.

Inspekta Msaidizi Tobias Shilinde hakuingia mara moja. Alisimama kizingitini, akamulika tochi sakafuni polepole, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kilichomsimamisha hakikuwa maiti.

Damu ilikuwa imefuata mteremko wa sakafu hadi karibu na ukuta wa nyuma. Hapo iligawanyika, ikazunguka kitu, ikaungana tena upande wa pili. Katikati ya doa lililokauka palibaki sehemu mbili safi zenye umbo la nyayo.

"Unaona nini, Jilala?"

Konstebo Jilala alichungulia. "Miguu, afande. Ya mtu ambaye hayupo."

"Alikuwepo. Alisimama hapo damu ikamfikia, ikampita, naye hakuinua mguu. Pima."

Jilala akapima kwa utepe. Nyayo zilikuwa ndogo, za mtu asiyevaa viatu, na vidole vilielekea ukutani. Hatua moja yenye damu ilikwenda mlangoni. Nje, mvua ya usiku ilikuwa imefuta kila kitu. Lakini upande wa ndani wa mlango, pale mtu anaposhika ili auvute kuufunga, kulikuwa na alama za vidole vinne.

"Huyu hakukimbia," Tobias alisema. "Aliua, akaufunga mlango, akabaki ndani."

Ilikuwa Desemba ya mwaka 1951, mwanzo wa masika ya Unyamwezi. Jengo lilikuwa na chumba kimoja na dirisha moja dogo, na wenyeji waliliita chumba cha giza. Serikali ilikuwa imelijenga Isenga, kusini ya Goweko, mahali ambapo njia ya zamani ya misafara inatoka msituni na kuingia katika makazi ya malale, ugonjwa unaoenezwa na inzi aitwaye mbung'o. Watu wa vijiji vya msituni walikuwa wamehamishiwa hapo ili wakae mbali na mbung'o, na jengo hilo lilikuwa kizuizi cha kuhakikisha mbung'o hawawafuati. Mtu akitoka msituni aliingizwa chumbani, mlango ukafungwa, akasimama kimya gizani. Mbung'o aliyeng'ang'ania mgongo au mzigo wake hupenda mwanga. Baada ya muda humwacha, huliendea dirisha, na hapo hunaswa katika mtego wa wavu. Ndipo mtu hufunguliwa akaenda zake.

Marehemu alikuwa mlinzi wa kizuizi hicho. Jina lake Damas.

Nyuma ya jengo kulikuwa na mafungu ya mawe yaliyoota majani, makaburi ya wapagazi waliofia njiani enzi za misafara. Watu wa Isenga walisema jioni husikika mizigo ikitua. Tobias alikuwa amezisikia habari hizo tangu utotoni, na hakuwahi kuzikuta katika ushahidi.

Aliyeigundua maiti aliketi juu ya jiwe, baiskeli imelala miguuni pake. Alikuwa Shaban, mfanyabiashara wa asali na nta kutoka Mtendeni, mjini Tabora. Alivaa viatu vya ngozi, vikubwa.

"Wewe ndiye uliyemwona kwanza?"

"Ndiye mimi, bwana Inspekta, na laiti ningetanguliwa na mwingine."

"Ulifuata nini huku?"

"Asali ya Raymundi. Nililala Goweko, nikatoka asubuhi. Kufika hapa napiga kengele, kimya. Nikasema, Damas kalala tena."

"Tena?"

"Bwana, yule siku hizi alikuwa halindi, analindwa. Unampita kalala, unarudi kalala. Ukimwamsha anacheka."

"Anacheka nini?"

"Hata mwenyewe hajui."

"Mlango ulikuwaje?"

"Umerudishwa tu. Nikauvuta, nikamgusa bega. Nikajua. Nikasoma Innalillahi, nikapanda baiskeli hadi Goweko, nyinyi mkapigiwa simu."

"Alikuwa na adui?"

"Awe na adui kwa lipi? Mlinzi asiyemzuia mtu, nani atamchukia?"

Tobias aliandika sentensi hiyo kama ilivyosemwa, akaipigia mstari.

Daktari Msaidizi Selemani alikuwa amekuja naye kutoka Tabora katika gari la polisi. Alikuwa mtu wa Gongoni, mwembamba, asiyependa kuzungumza akiwa kazini. Alimaliza kuikagua maiti, akanawa mikono kwa maji ya chupa.

"Amekufa jana jioni. Mapigo mawili, la pili halikuhitajika. Mikono haina jeraha la kujikinga."

"Alikuwa amelala?"

"Amelala, au hakujali. Sasa njoo uutazame mtego huu."

Wavu wa dirishani ulikuwa umefunikwa na vumbi na utando wa buibui. Chini yake mizoga ya mbung'o ilikuwa mikavu kiasi kwamba ukiigusa inavunjika.

"Chumba hiki hakijatumika kwa muda mrefu," alisema Selemani. "Lakini tazama, utando umetobolewa. Na hawa watatu wako hai."

Mbung'o watatu walikuwa wakitambaa ndani ya wavu, mabawa yamepishana mgongoni kama makali ya mkasi. Matumbo yao yalikuwa mekundu.

"Damu ya Damas?"

"Mbung'o hanywi maiti. Hawa walishiba mwilini mwa mtu aliye hai, wakaletwa hapa naye. Mlango ungekuwa wazi wangefuata mwanga wa mlangoni. Walikuja dirishani kwa sababu hapakuwa na mwanga mwingine."

"Na mbung'o hamfuati mtu usiku."

"Hapana. Jua lilikuwa bado halijazama."

Tobias alitazama tena zile nyayo zilizoachwa na damu. Alikuwa na mtu, alikuwa na njia aliyotokea, alikuwa na wakati. Hakuwa na sababu ya mtu huyo kusimama.

Adhuhuri Jilala alimleta Raymundi, mrina asali. Nguo zake zilinuka moshi. Aliketi chini bila kuambiwa.

"Mwangaluka, bwana mkubwa."

"Mwangaluka. Jana ulipita hapa?"

"Nilipita giza limeshaingia. Nilishika kijinga cha moto, mke wa Damas aliniona kutoka uani kwake."

"Na Damas?"

"Mlango ulikuwa umerudishwa. Nikapaza sauti, 'Damas, napita.' Nikapita."

"Hukuingia chumbani?"

Raymundi alicheka mpaka akakohoa. "Mimi? Mara ya mwisho kusimamishwa mle ni masika yaliyopita, wakati Damas bado ana akili za kizungu. Mimi na mbung'o tumezaliwa pamoja. Akinitaka anajua ninakolala."

"Watu wanasema mlitupiana maneno."

"Alikunywa pombe yangu ya asali akasema chungu. Nikamwambia chungu ni ulimi wake. Bwana mkubwa, kama watu wangeuana kwa hilo, Unyamwezi ungebaki na nani?"

"Weka mguu wako hapa."

Raymundi akaweka. Wayo wake ulikuwa mpana, umepasuka kisigino, na ungeufunika ule wa sakafuni ukabaki.

"Nani mwingine huingia msituni siku hizi?"

"Wanawake. Ni wakati wa uyoga."

Mke wa marehemu, Josepha, alikaa nyumba ya karibu, hatua chache kutoka kizuizini. Alithibitisha kukiona kijinga cha Raymundi. Miguu yake ilikuwa mirefu na myembamba. Jilala aliipima kwa macho, akatikisa kichwa.

"Pole sana, mama," alisema Tobias. "Mumeo alikuwa mtu wa namna gani?"

"Yupi?"

Tobias alifungua ukurasa mpya.

"Yule aliyenioa alikuwa mkali," Josepha alisema. "Chumba alikifagia kila asubuhi. Siku moja alimweka padre gizani pamoja na pikipiki yake, padre analalamika kwa Kifaransa, naye anamwambia, 'Baba, mbung'o hajui madhehebu.' Huyo ndiye aliyenioa. Kiangazi kilipoanza akabadilika. Mchana analala. Usiku anatoka, anazungumza na watu waliobeba mizigo. Anawaambia watue. Mimi siwaoni. Chakula namtilia mdomoni, kinabaki shavuni."

"Ulimwambia nani?"

"Nilidhani ni pombe. Pombe ilipoacha kupikwa hali ikazidi, nikasema basi, ni wale wa kwenye mawe. Nitamwambia nani habari ya wafu?"

Selemani, aliyekuwa amesimama nyuma, alichukua mkoba wake, akarudi kwenye maiti.

Tobias naye alirudi chumbani alasiri, sakafu ikiwa imeshapigwa picha na maiti imeondolewa. Kwanza aliifuata njia ya misafara akaingia msituni kipande kirefu, koti lake jeusi limefungwa vifungo. Aliporudi alihisi mguso mwepesi shingoni, na mwingine kati ya mabega. Hakuwapiga mbung'o hao.

"Funga mlango," alimwambia Jilala. "Usifungue mpaka niseme."

Giza lilikuwa kamili isipokuwa ule mraba mdogo wa dirisha nyuma yake. Aliuelekea ukuta, akaweka viatu vyake sambamba na zile nyayo. Mtu akisimama hivyo anaupa mwanga mgongo, na mgongoni ndiko wanakokaa mbung'o.

Alingoja. Alisikia pumzi zake, na kila alipozizuia alihisi kana kwamba zipo nyingine, chini kidogo, upande wa kushoto, pale alipokuwa amelala Damas. Alijua ni mwangwi wa kuta. Kujua hakukumsaidia kama alivyotarajia. Harufu ya damu ilikuwa bado nzito. Vijiguu vilitembea juu ya ukosi. Mtu yeyote mwenye damu mikononi angeupiga mlango teke akatoka. Huyu alibaki hapa, maiti inatoa damu, damu inamgusa vidole, na hakusogea kwa kuwa ukisogea mbung'o huganda palepale.

Mguso ukaondoka. Kitu kikavuma kuelekea dirishani, kisha kingine.

"Fungua."

Jilala alimtazama usoni. "Afande, umeona kitu?"

"Nimejua alichokuwa akifanya."

"Nini?"

"Alikuwa akitii amri ya afya."

Katika makazi, watu walikuwa wamekusanyika kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, kama wafanyavyo penye msiba. Mwanangwa alikuwa mzee mcheshi, na polisi hawakumpunguzia ucheshi.

"Shikamoo, mzee," Tobias alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mmemkamata?"

"Bado. Niambie, kati ya watu wako nani bado huingia chumba cha giza?"

Wanawake wawili walitazamana, wakabana vicheko katika khanga.

"Kile chumba?" alisema mwanangwa. "Ni Mama Alois peke yake. Tangu azike, akitoka kwenye uyoga anamgombeza Damas amfungie mlango. Damas anamcheka, hamfungii. Hawa mabinti wanamwita bibi arusi wa giza."

"Azike nani?"

"Mwanawe, Alois. Malale. Alikufa kabla ya mvua." Mzee alishusha sauti kidogo. "Alikuja hapa kumshtaki Damas, eti hafanyi kazi. Nikamwambia, mama, wewe ndiye wa kumfundisha mtu wa serikali kazi yake?"

Hakuna aliyecheka tena. Mmoja wa wale mabinti alivuta khanga yake mpaka puani.

Mama Alois, jina lake la ubatizo Veneranda, alikuwa ameketi mlangoni kwake akichambua uyoga. Ndani ya nyumba, binti mdogo alikuwa akiimba peke yake. Alivishwa gauni jeupe refu mpaka kwenye vifundo, kwa sababu mbung'o hufuata nguo nyeusi. Kaniki nyeusi ya mama ilikuwa juu ya uzio, imefuliwa.

"Shikamoo, mzee," Veneranda alisema.

"Marahaba. Jana ulikwenda msituni?"

"Nilikwenda."

"Ulirudi kwa njia ipi?"

"Njia ni moja."

"Uliingia chumba cha giza?"

"Niliingia."

"Nani alikufungia mlango?"

Veneranda aliweka uyoga mmoja upande wa mizuri. Kisha akaweka mwingine.

"Mwenyewe," alisema.

Tobias alimsomea onyo: si lazima aseme lolote, na atakalosema litaandikwa na laweza kutumiwa mbele ya hakimu. Alimwuliza kama ameelewa.

"Nimeelewa. Leonia, nenda kwa shangazi yako."

Mtoto akatoka, akawatazama polisi, akaenda. Mama yake alimfuata kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya nyumba.

"Alois alilala," alisema. "Ndivyo ilivyoanza, alilala. Nikamwita mvivu. Nilimpiga, mzee. Nilimpiga mgonjwa. Walipomchukua hospitali akawa analia akiguswa tu. Daktari akaniambia, mama, mbung'o alimfuata mtu kutoka msituni mpaka kisimani kwenu, lakini pale kuna kizuizi, imekuwaje? Nikarudi nikakaa pale kizuizini, nikatazama. Warina asali wanapita. Wanawake wanapita. Damas amelala."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Nilimpigia magoti. Nilikwenda kwa mwanangwa, akanicheka. Nimebaki na Leonia peke yake."

"Kwa nini usiache kwenda msituni?"

"Tule nini? Shamba bado changa. Hata nisipokwenda mimi, watakwenda wengine, nao watarudi na mbung'o migongoni."

"Jana."

"Jana nilirudi na uyoga kichwani. Nilihisi wananiuma mgongoni. Nikamkuta amelala mle chumbani, mlango wazi. Nikasema, Damas, amka unifungie, ninao mgongoni. Akafumbua macho. Akasema, 'Pita tu, mama. Waache wapite na wao, wamechoka kubeba.' Akacheka, akanigeuzia mgongo."

Aliinama, mikono imelala mapajani.

"Komeo lilikuwa mkononi mwangu tayari. Nililichukua nifunge."

"Ukampiga."

"Nilimpiga."

"Mara ngapi?"

"Mpaka alipoacha kucheka. Labda nilimpiga baada ya hapo. Kisha nikawahisi tena mgongoni. Nikasema, hawa siwezi kumpelekea Leonia. Nikauvuta mlango, nikasimama."

"Damu ilikufikia miguuni."

"Ilikuwa ya moto. Nilisikia anapumua kidogo. Baadaye sikusikia. Ningetoka, ningeita watu, labda. Lakini walikuwa bado hawajaniacha."

Jilala aliacha kuandika. Tobias alimwashiria aendelee.

Alama za vidole zilichukuliwa jioni hiyo katika kituo cha Goweko. Zililingana na zile za mlangoni.

Siku iliyofuata daktari Selemani alimaliza kazi yake katika zahanati ya hapo. Alikuja na kuketi mbele ya Tobias kofia ikiwa mikononi.

"Nimetoa maji ya mgongo ya Damas. Chembe nyeupe tele. Vijidudu vyenyewe hufa upesi mwili ukifa, kwa hiyo sitaapa kuwa nimeviona. Lakini pamoja na maneno ya mke wake, sina jina lingine. Damas alikuwa na malale. Yalikuwa yameshafika kichwani. Angekufa kabla ya mavuno."

"Kulala, kucheka."

"Na wale watu wa mizigo. Yote."

Tobias alikwenda chumba cha mahabusu. Hakulazimika kumwambia. Alifikiri hivyo alipokuwa akitembea uani, na bado alifikiri hivyo alipofungua mlango. Lakini jambo hilo lingesomwa mahakamani, na si haki mshtakiwa awe wa mwisho kulijua.

Veneranda alisikiliza amesimama.

"Alikuwa mgonjwa," alisema.

"Tangu kiangazi."

"Kama Alois."

"Ndiyo."

"Sisi tulipangwa mstari, tukatobolewa vidole. Yeye nani alikuwa akimpima?"

"Nimeuliza. Hakuna. Hakuandikwa miongoni mwa wanakijiji, na wapimaji walimhesabu kuwa mwenzao."

Veneranda alikaa chini taratibu, kama mzee. Alijifuta uso kwa upindo wa nguo.

"Nilimpiga mgonjwa tena," alisema.

Saa za alasiri gari la kumpeleka Tabora lilikuwa tayari. Selemani alikuwa amepanga meza chini ya paa la zahanati, na watu wa Isenga wote, waliokuwa wameitwa Goweko, pamoja na Raymundi na mwanangwa, walikuwa katika mstari wakitobolewa vidole. Leonia alikuwa ameshapita. Veneranda, katikati ya askari wawili, aligoma kupanda gari. Hakupiga kelele. Alisimama tu, na askari mmoja alipomvuta mkono ikawa kama anauvuta mti.

Tobias alivuka uwanja, akamsubiri daktari ainue jicho kutoka kwenye hadubini. Walizungumza kwa ufupi. Daktari aliinama akatazama kioo kilekile mara ya pili, kisha cha tone jingine, akatikisa kichwa. Tobias akarudi.

"Damu ya Leonia haina kitu."

Veneranda alimtazama. "Irudie, baba."

"Ametazama mara mbili. Haina kitu."

Ndipo akapanda.